Wimbo wa anime kwa nota za kwaya: ninavyofundisha mabinti wa Dodoma

Binti akiniletea wimbo wa anime, yaani katuni za Kijapani, kwenye simu na kuniomba nimtafutie kii, namuuliza kwanza: nani anaimba hapa? Wengi hunitajia jina la katuni. Nawarudisha wakatafute. Kii tutaipata palepale kwenye kibodi, lakini usipomjua mwenye sauti utauimba wimbo mzima kama pambio la mkesha, nguvu zote kuanzia mstari wa kwanza, na hautafanana na chochote.

Mimi ni mwalimu wa kwaya, naimba sauti ya pili, nakaa Chang'ombe hapa Dodoma. Nyimbo hizi sikuzitafuta, zilinifuata mazoezini. Nikiwa nawafundisha besi mstari wao, sauti ya kwanza yote inanong'ona Kijapani kule nyuma. Nikaona ni heri niwafundishe vizuri kuliko kuwakemea kila Jumamosi, hasa kwa kuwa pumzi waliyokuwa wakiitumia kule nyuma ilikuwa nzuri kuliko ninayoipata mimi kwenye tenzi. Kwa hiyo haya ninamwandikia mtu aliyepita kwaya, anayesoma nota za d r m (do, re, mi), anayetaka kuimba nyimbo za waigizaji sauti wa kike wa Japani, wale wanaoitwa seiyuu, asiishie kufuatisha simu juujuu.

Mwenye sauti ni nani

Nyimbo za kufungua na kufunga anime zina waimbaji wa aina tatu, na kila aina ina namna yake ya kuimbwa.

Wa kwanza ni mwimbaji tu. Yoko Takahashi aliyeimba wimbo wa kufungua Neon Genesis Evangelion mwaka 1995, au LiSA wa wimbo wa kwanza wa kufungua Demon Slayer mwaka 2019, hawamwigizi mhusika yeyote katika nyimbo hizo. Hapo tumia sauti yako mwenyewe, kama vile umepewa kuimba peke yako siku ya harusi kanisani.

Wa pili ni seiyuu anayeimba kwa jina lake. Nana Mizuki ndiye anayetajwa kwanza. Katika Magical Girl Lyrical Nanoha anaigiza sauti ya Fate, msichana mkimya, mwenye maneno machache. Mwanamke huyohuyo akiimba "Eternal Blaze", wimbo wa kufungua msimu wa pili wa mwaka 2005, Fate humsikii tena. Unasikia koo lililofunguka na sauti inayoviringishwa mwishoni mwa mistari. Mizuki alifundishwa enka tangu utotoni, zile nyimbo za Kijapani za majonzi, na aliyekulia kwenye taarabu atamwelewa haraka kuliko sisi wa tenzi. Mwaka 2009 albamu yake Ultimate Diamond ilikuwa ya kwanza ya mwigizaji sauti kushika namba moja kwenye Oricon, chati ya wiki ya mauzo ya muziki Japani. Mwaka huohuo akaitwa kwenye Kohaku, tamasha la usiku wa kuamkia mwaka mpya la NHK, shirika la utangazaji la Japani, na Desemba 2011 akasimama kwenye uwanja mkubwa wa Tokyo Dome. Namtaja kwa kirefu kwa sababu mabinti wengi wanataka kuanza naye, na huyu si wa kuanza naye.

Wa tatu ndiye mwenye kazi: anayeimba ni mhusika. Mwaka 1982, kwenye Macross, Mari Iijima alimwigiza Lynn Minmay, msichana mwimbaji, akayasema maneno yake na kuziimba nyimbo zake. Mwaka 2006 Aya Hirano, Minori Chihara na Yuko Goto waliimba wimbo wa kufunga katuni ya Haruhi Suzumiya kwa sauti za wahusika wao watatu, na dansi yake ikaigwa kila mahali. Kisha K-On! mwaka 2009: bendi ya wasichana wa shule ambayo haipo duniani, ikatoa albamu fupi kwa jina lake la kubuni, na albamu ikapanda hadi namba moja Oricon. Ukiuchukua wimbo wa namna hii umejitwisha kazi mbili kwa wakati mmoja, kuimba na kuigiza, na moja ikianguka nyingine haisimami.

Tena kuna mtego. Katika Macross Frontier ya mwaka 2008, Ranka Lee anaongea na kuimba kwa sauti ya Megumi Nakajima peke yake. Lakini Sheryl Nome anaongea kwa sauti ya Aya Endo na kuimba kwa sauti ya May'n. Anayemsikiliza Sheryl akizungumza ili apate sauti ya kuimbia anamaliza bando bure.

Namna ya kujua haina ugumu. Kwenye jalada la diski au kwenye maelezo ya wimbo, ukikuta jina la mhusika, kisha herufi CV, kisha jina la mtu, basi aliyeimba ni mhusika na huyo mtu ndiye aliyemtolea sauti. Ukikuta jina la mtu tu, pumua, una kazi moja.

Kata wimbo kabla ya kuujifunza

Unaousikia kwenye katuni si wimbo mzima. Nafasi ya kufungua kipindi ni kama sekunde 90, kwa hiyo hutengenezwa toleo fupi la televisheni, na wimbo kamili hufika dakika nne hivi. Jifunze toleo fupi. Likikukaa, kamili litakuja lenyewe.

Wajapani wenyewe huukata wimbo vipande na kuvipa majina: A-mero, halafu B-mero, halafu sabi. Sabi ni kiitikio, pale kila kitu kinapopasuka. A huwa chini na imetulia, B inapanda ngazi, sabi inafungua mlango. Nyimbo nyingi zinakupiga na sabi mwanzoni kabisa kisha zinarudi A kana kwamba hakuna kilichotokea. Kwenye toleo kamili, karibu na mwisho, vyombo hunyamaza na sabi inaimbwa kwa upole mara moja, halafu vyombo vyote vinarudi, na mara nyingi kii inapanda nusu hatua au hatua nzima. Andika vipande hivyo kwenye daftari kwa rangi tofauti, na usianze kuimba hadi uweze kuniambia kwa kusikiliza tu: sasa tuko B.

Hesabu ya vipigo

Maneno ya Kijapani yakiandikwa kwa herufi zetu yanasomeka karibu kama Kiswahili. Irabu ni a e i o u zilezile. Sh, ch, j, y ni zilezile. Ndiyo maana mabinti hudhani wamemaliza, na hapo ndipo wanapoharibu.

Sisi tumezoea kuegemea silabi ya pili kutoka mwisho. Mpe Mgogo, Mrangi au Mnyaturu neno sakura, atakwambia sakuura. Kijapani hakina mahali pa kuegemea kwa namna hiyo. Kila kipigo kina urefu uleule: sa, ku, ra. Ukiegemea ku, ra inachelewa, na kwenye wimbo wa kasi ukichelewa kipigo kimoja umeshaachwa na mstari mzima.

Kuna vitu vitatu ambavyo sikio letu halivihesabu nao wanavihesabu. Irabu ndefu ni vipigo viwili: arigatou ni a-ri-ga-to-u, vitano. Konsonanti iliyokazwa ina kipigo cha kimya mbele yake: kitto ni ki, kimya, to, vitatu, na kile kimya unakihesabu kwa kichwa huku ulimi umeshikilia t. Na n inayofunga silabi ina kipigo chake: shinjiru ni shi-n-ji-ru, vinne. Hii ya mwisho isikutishe, maana n ya nchi na m ya mtu husimama peke yake kinywani mwako kila siku. Kumbuka tu kuipa nota yake, maana mtunzi mara nyingi ameshaipa.

Kwa upande mwingine, kyo, ryo, hyo ni kipigo kimoja kama vyo ya vyombo. Tokyo tunayoitamka To-ki-o kwao ni to-u-kyo-u, vipigo vinne. Mwambie binti apige makofi manne akitaja mji huo. Akiweza bila kusitasita, nusu ya kazi imeisha.

Sauti za kujifunza ni chache. Tsu: t na s zinatoka pamoja, usiweke irabu katikati. Fu: usiume mdomo wa chini kwa meno, puliza kama unayepoza uji. R: ncha ya ulimi inagonga mara moja na kuondoka, haiviringiki, na iko jirani na l. Wale tunaowatania kwa kuchanganya r na l wanatushinda hapa bila kutoa jasho. Halafu kuna ile u ya desu ambayo kwenye mazungumzo humezwa karibu yote. Kwenye wimbo, ikiwa imepewa nota yake, iimbe. Msikilize mwenyewe anafanyaje, kisha ufanye vivyo.

Baada ya hapo chukua daftari uandike maneno kwa mkono, alama ya mkwaju (/) kati ya kipigo na kipigo. Kunakili kutoka kwenye simu kwenda kwenye simu hakukusaidii kitu. Chini ya kila mstari weka maana kwa Kiswahili, hata kwa maneno matatu, usije ukatabasamu mahali ambapo mhusika anaaga.

Nota

Hapa mwanakwaya wa Dodoma ana mtaji ambao vijana wengi wa studio hawana. Andika wimbo kwa d r m.

Tafuta d kwa kusikiliza besi, si kwa kusikiliza mwimbaji. Na usilazimishe d iwe nyumbani, yaani nota ambayo wimbo unatulia; nyimbo nyingi za anime, hasa zile za vita na uchawi, nyumbani kwao ni l. Nyimbo nyingi za zamani, na zile zenye harufu ya enka, hutembea juu ya hatua tano wanazoziita yonanuki: d r m s l, f na t zimeachwa. Mabinti hufurahi wakisikia hivyo kwa sababu muziki wa Kigogo nao unasimama juu ya sauti tano, na wakati fulani kijana mmoja alikuja na ilimba yake, kile chombo cha Kigogo kinachopigwa kwa vidole gumba, kutoka Chamwino akitaka kusindikiza. Tulijaribu, ikapendeza kwa namna yake, ila hatua za ilimba si zilezile za d r m s l, na zile nota zilizokuwa zinagombana ziligombana hadi mwisho. Bado namwita aje, lakini kwenye muziki wake.

Ugumu wa kweli uko kwenye mdundo. Tenzi zinatua juu ya kipigo. Anime inatangulia: neno linaanza nusu kipigo kabla, linashikiliwa, na kipigo chenyewe kinapita juu ya sauti iliyokwisha kuanza. Kwenye nota zetu utaiona kama nukta kisha kistari: d .r :– .m. Kile kistari ndicho kinachowashinda. Tunafanya hivi: mguu unapiga kipigo sakafuni, kiganja kinapiga nusu pajani, na mdomo unasema maneno bila melodi, polepole sana. Akina mama wa Kigogo wanaopiga ngoma ya muheme wanafanya jambo gumu kuliko hili huku wanaimba, kwa hiyo sipokei malalamiko.

Jambo la pili la kuangalia ni kii kubadilika ghafla, mara nyingi pale B inapoingia sabi. Usiendelee na d ya zamani ukijaza alama. Chagua nota moja ya kuvukia, iandike kwa majina mawili, jina lake kwenye kii inayoondoka na jina lake kwenye kii inayoingia, halafu fanyia mazoezi hapo tu. Mwingine anarudia wimbo wote mara kumi kwa ajili ya sehemu moja. Kuna faida gani?

Kwa mpiga kibodi nina neno moja. Wewe umezoea kurudi nyumbani: C, F, G, C. Sabi nyingi za Kijapani zinaanzia F, zinakwenda G, kisha zinashuka Em na kuangukia Am, na nyumbani hazirudi hadi zichoke. Mpangilio huo ni maarufu kiasi kwamba kwao una jina lake, njia ya kifalme. Ukipiga C mahali pa Em kwa mazoea, hamu yote ya wimbo inakufa, na mwimbaji atasingiziwa kwamba ametoka nje ya kii.

Sauti ya mhusika

Sasa tuko kwenye wale wa aina ya tatu. Hapa siendi haraka.

Ongea kabla ya kuimba. Tafuta kipande cha katuni ambapo mhusika anazungumza katika hali ya kawaida, hapigi kelele wala halii. Sikiliza sentensi moja, simamisha, iseme. Usijali maana, fuata wimbo wa sentensi: inapandia wapi, inatua wapi. Halafu nenda kwenye kibodi utafute nota ambayo mazungumzo yake yanaizunguka. Utashangaa. Wasichana wengi wa anime wanazungumza juu sana kuliko sisi tunavyozungumza, na mabinti wetu ambao kwa kawaida wanaongea chini, hasa wale wa sauti ya pili, hupandisha kwa kubana koo. Hapo nawasimamisha.

Sauti ya mhusika haitengenezwi kooni. Inatengenezwa mbele: midomo, meno, ulimi, kaakaa. Tabasamu kidogo ukisema "iii" na usikie sauti inavyosogea mbele na kung'aa. Viringisha midomo ukisema "ooo" na usikie inavyorudi nyuma na kukomaa. Mdomo wa kwaya, ule wa kuingiza vidole viwili, unakupa sauti ya mtu mzima aliyesimama madhabahuni; mhusika wa miaka 14 hana mdomo huo. Ufunge hadi upana wa kidole kimoja, acha kidevu kilegee, na nguvu iendelee kutoka tumboni vilevile. Kipimo changu ni kimoja: ukimaliza sabi mbili na unataka kukohoa, ulikuwa unabana. Acha, kunywa maji, anza upya kwa nusu ya sauti.

Ukishaipata sauti ya kuongea, yaseme maneno ya wimbo kwa sauti hiyo, kwa mdundo, bila melodi. Kisha yaimbe yote juu ya nota moja. Kisha ndipo uweke melodi. Wanaoruka hatua hizi wanakuwa na mhusika kwenye A-mero na kumpoteza kwenye sabi, anabaki binti wa Nkuhungu akipigania nota ya juu.

Ila sikiliza kwa makini: hata seiyuu mwenyewe humwachia mhusika kidogo kwenye nota ndefu za juu. Konsonanti na mwanzo wa neno vina mhusika ndani yake, lakini irabu ikishafunguka na kushikiliwa, unamsikia mwanamke mwenyewe. Kwa hiyo usijitese kubana sauti ya kitoto kwenye nota ya vipigo vinne. Mrudishe mhusika kwenye neno linalofuata, na msikilizaji hatajua kwamba aliondoka. Weka alama kwenye daftari: hapa namwachia, hapa namrudisha.

Zoezi ninalolipenda nimelitoa kwa Megumi Hayashibara. Mwaka 1995 huyu mama alikuwa Rei Ayanami wa Evangelion, msichana anayeongea kana kwamba kila neno lina gharama, na mwaka huohuo alikuwa Lina Inverse wa Slayers, ambaye hajui kunyamaza. Chukua mstari mmoja wa wimbo wowote, hata wa Kiswahili, uimbe mara moja kwa ubaridi wa Rei na mara moja kwa ubishi wa Lina, kii ileile, mwendo uleule. Utagundua kwamba sauti yenyewe haibadiliki sana. Kinachobadilika ni konsonanti zinavyopigwa na pumzi inavyotoka. Na kwa wazazi wanaokuja kuniambia kwamba katuni zinawapotezea watoto muda wa masomo, huwa nawaambia kwamba Hayashibara alisoma uuguzi huku anajifunza uigizaji sauti, na cheti cha uuguzi akakipata.

Upande wa pili kuna sauti ndogo. Kana Hanazawa aliimba "Renai Circulation" mwaka 2009 kama Nadeko Sengoku wa Bakemonogatari, karibu ananong'ona, nusu anaongea kwa mdundo. Mabinti wanaichagua wakidhani ni rahisi kwa sababu haipandi. Sauti ndogo inakula pumzi nyingi kuliko sauti kubwa, kwa kuwa hewa inavuja muda wote. Weka kiganja mbele ya mdomo: hewa iendelee kugusa kiganja sawasawa kuanzia mwanzo hadi mwisho wa mstari. Ikikatika katikati, tafuta mahali pa kuvuta pumzi, weka koma kwenye daftari, na uiheshimu kila mara.

Kuna jambo moja zaidi, na hili ni la wanakwaya tu. Acheni kuongeza sauti ya pili! Nyimbo za vikundi vya seiyuu, kama wale tisa wa μ's katika Love Live!, sehemu kubwa zinaimbwa sauti moja, mistari ikigawanywa mtu mmoja mmoja, kisha wote wanaungana. Nikiwaweka mabinti watano wa Dodoma pamoja, kabla ya mstari wa pili kuisha tayari kuna alto, na kuna mmoja anatafuta tenor. Ni kipaji, lakini hapa kinafuta wahusika wote na kubakiza kwaya. Kuimba sauti moja watu watano, kila mmoja akibaki na mhusika wake na bado mkatamka neno kwa wakati mmoja, ni kazi ngumu kuliko sauti nne. Tunaifanya kwa kutazamana midomo.

Koo na vumbi

Kiangazi cha Dodoma ni kirefu, mvua zikikatika Aprili au Mei zinarudi karibu na Desemba, na upepo wa katikati ya mwaka unaubeba udongo wote hadi puani. Ukija mazoezini kwa bodaboda, funika pua na mdomo kwa mtandio, na ukifika usiimbe hapohapo. Kaa, kunywa maji kidogokidogo, vuma kwa mdomo uliofungwa hadi koo lilainike. Ubuyu uache hadi tumalize; ule unga unakausha mdomo na tsu zako zote zitakwama. Siku ukiwa na mafua, njoo na daftari, utapiga makofi.

Kusimama mbele za watu

Wimbo wenye dansi ujifunze vipande viwili mbali mbali. Dansi bila sauti hadi mwili usihitaji kukumbushwa. Wimbo huku unatembea kwa kasi, mzunguko baada ya mzunguko wa uwanja, hadi pumzi isikatike. Ndipo uunganishe. μ's walipofanya onyesho lao la Tokyo Dome tarehe 31 Machi na 1 Aprili 2016 walikuwa wanacheza hatua zilezile zinazoonekana kwenye katuni, na hatua hizo zilichorwa kwa ajili ya watu wasiochoka. Chagua wapi mguu utapumzika.

Kule Japani mashabiki hushika vijiti vya taa, kila mhusika na rangi yake. Sisi tuna tochi za simu, zinatosha. Mwambie MC amtaje mhusika na katuni kabla hujaanza, la sivyo shangazi zako waliokuja kukuona watadhani umeokoka kwa lugha mpya. Ukiwa na mabinti wanaopiga vyombo, waonyeshe bendi za BanG Dream!, ambako waigizaji sauti wa baadhi ya bendi hupiga vyombo vyao wenyewe jukwaani. Hiyo imeniletea mpiga besi wa kike, jambo ambalo matangazo ya ibadani hayakuweza.

Kurekodi: chumba chenye nguo nyingi, blanketi nyuma yako, usiku baada ya bodaboda kupungua, na usirekodi chini ya bati upepo ukivuma. Diski za nyimbo hizi kwa kawaida huwa na toleo lisilo na sauti ya mwimbaji, zuri kwa mazoezi. Ukitaka kuweka mtandaoni, muziki wa diski hiyo una mwenyewe na huenda video ikazuiwa. Mpe mpiga kibodi apige upya, na mtaje mtunzi na mwimbaji wa awali.

Wa kuanza naye, kama utanisikiliza, ni Maaya Sakamoto. Alikuwa na miaka 16 mwaka 1996 alipoimba wimbo wa kufungua The Vision of Escaflowne, uliotungwa na Yoko Kanno, na aliimba kwa jina lake ingawa ndiye pia aliyemtolea sauti Hitomi, msichana mkuu wa katuni hiyo. Sauti yake ni safi, haina mapambo, na mwanakwaya anajisikia nyumbani. Kisha "Renai Circulation" kwa ajili ya pumzi. Kisha nyimbo za K-On!, ukianzia na zile za mwendo wa kati, kwa maana wimbo wa kufungua msimu wao wa pili una kasi ya kumpotezea mtu meno. "Eternal Blaze" iwe ya mwisho, na ishushe semitoni mbili au tatu bila aibu. Ikiwa kwa kushuka huko A-mero imekuwa chini mno hadi unaguna, ipandishe semitoni moja, na A-mero yote uiimbe karibu na maiki badala ya kuongeza nguvu.